Hela za jiji kwa ajili ya ngoma yenu Fordham Plaza: jibu refu kwa dada wa Bronx

Swali lenyewe, nimelipunguza kidogo:

"Kaka shikamoo. Mi naishi Bronx, tuna kikundi cha akina mama na vijana wachache, watu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Wakongo wawili, tunapiga kidumbaki, ule muziki wa ngoma ndogo na fidla, na kucheza lelemama, ngoma ya akina mama. Mwaka huu Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, tunataka tuifanye nje pale Fordham Plaza watu watuone, tumechoka kujifungia kwenye kumbi. Nimesikia jiji linatoa hela za sanaa kwa watu wa mitaani. Tunahitaji kama dola 8,000, hapo kuna pilau ya watu 200, spika, khanga za sare, usafiri. Kikundi hakijasajiliwa, hela anashika mweka hazina kwenye akaunti yake. Video tunayo moja tu, ya harusi. Sa hivi ni mwezi wa tatu, je tutawahi Julai? Na tunaanzia wapi?"

Marahaba dada yangu. Nianze na lile litakalokuumiza halafu tuendelee vizuri: hela zipo, tena za umma kabisa, lakini hazitafika Julai hii, na hata zikifika hazitalipa pilau. Mengine yote uliyoandika yanawezekana, hata hilo la kutosajiliwa, kwaiyo usifunge simu bado.

Mi nimekuwa nasaidia vikundi vya watu wetu hapa New York kuandika haya maombi, mwaka mmoja nikakaa upande wa pili pia, kwenye paneli ya kuyasoma, na nilichokiona kule ndo kimenibadilisha kichwa. Vikundi vyetu havikosi hela kwa sababu ya ngozi wala Kiingereza kibovu kama tunavyopenda kuambiana. Vinakosa kwa sababu vinaomba hela ya sherehe kwenye mfuko ambao haujawekwa kwa ajili ya sherehe. Kila utakachosoma hapa chini kinatoka kwenye hilo.

Tuanze na hela inatokea wapi, maana ukijua inapotoka utajua inataka nini. Jiji la New York lina idara yake ya utamaduni, Department of Cultural Affairs, na hakuna jiji jingine Marekani linalotoa hela nyingi ya sanaa kushinda hili. Sehemu moja ya hela inakwenda moja kwa moja kwa asasi zilizosajiliwa kama asasi zisizo za faida, hizo zenye karatasi ya 501(c)(3) ya watu wa kodi. Hiyo kwenu bado. Sehemu nyingine idara inaipitisha kwa mabaraza ya sanaa ya kila boro, yaani zile sehemu tano za jiji, halafu mabaraza ndo yanaigawa vipande vidogo kwa wasanii na vikundi vya mtaani. Kwenu ni Bronx Council on the Arts, wapo tangu 1962. Manhattan kuna LMCC, Brooklyn kuna Brooklyn Arts Council, Staten Island kuna Staten Island Arts, na Queens mfuko unaendeshwa na NYFA, asasi ya kusaidia wasanii. Jimbo nalo lina baraza lake, NYSCA, la tangu 1960, na toka 1977 linashusha sehemu ya hela zake huku chini kwa utaratibu wa namna hiyohiyo, ndo maana utakuta mabaraza haya yanatangaza mifuko miwili mitatu yenye majina tofauti na masharti yanayofanana. Usichanganyikiwe na majina. Soma sharti la nani anaruhusiwa na sharti la wapi, kwa kawaida mradi lazima ufanyike kwenye boro ileile ya baraza, kwaiyo nyie wa Bronx na plaza ya Bronx mmekaa sawa, lakini yule mpiga fidla wenu akiwa anakaa Jersey City, nje ya jiji, asiwe yeye ndo mwombaji.

Kiasi: ni dola elfu chache, mara chache inagusa elfu kumi. Mnaomba kwa mara ya kwanza, bila historia, 8,000 ni nyingi. Ombeni kati ya 3,000 na 5,000. Sio kwa unyenyekevu, ni kwa hesabu: anayesoma anaangalia kama mtu huyu ameshawahi kusimamia hela kiasi hiki, na nyie hamna cha kumuonyesha bado.

Sasa kalenda, hapa ndo watu wengi wanaanguka. Mabaraza yanapokea maombi kuanzia kiangazi mpaka vuli kwa ajili ya shughuli za mwaka UNAOFUATA, Januari mpaka Desemba. Paneli zinakaa, majibu yanatoka mwanzoni mwa mwaka, mkataba unasainiwa, hela inaingia majira ya machipuko kama mambo yameenda vizuri. Kwaiyo Julai ya mwaka huu ilitakiwa iombwe mwaka jana wakati watoto wanarudi shule. Na usije ukafanya ujanja wa kukopa, mkafanya shughuli Julai halafu mkaombea hela baadaye, hawalipi kitu kilichokwishapita, hiyo sheria wote wanayo.

Haya, pilau. Dada, najua. Mi pia natoka pwani na sijawahi kuona shughuli ya watu wetu bila sufuria, na mtu akija akaondoka hajala anakwenda kukutangaza. Lakini hela hii ya ruzuku haigusi chakula cha wageni. Haigusi vinywaji, haigusi zawadi za washindi, haigusi harambee, na hapo kwenye harambee nawaambia hasa nyie wenye ndugu wa Kenya kwenye kikundi, maana najua saa kumi jioni lazima mtu atashika maiki aseme kuna msiba, au kuna mtoto anakwenda chuo, tuchange kidogo. Siku hiyo hapana. Shughuli ya kuchangisha fedha hailipwi na hela hii, na ukiandika kwenye ombi hata neno moja la kuchangisha umejitoa mwenyewe. Vilevile shughuli ya waalikwa tu hailipwi, lazima mtu yeyote anayepita aweze kuingia. Na ibada hailipwi. Hili la ibada lina utamu wake kwa sisi, kwa sababu mipaka yetu sio kama yao: kasida na dufu kwetu ni muziki, ni dini, ni harusi, vyote pamoja. Ukiandika "maulidi" ikawa ndo shughuli yenyewe, wataona ibada na wataweka pembeni. Ukiandika kwamba katikati ya programu kuna dakika 10 za dufu na unaelezea upigaji wake kama sanaa ya pwani, hakuna atakayekusumbua. Sisemi mdanganye, nasema muandike kile ambacho umma unakuja kukiona.

Sasa chakula kikae wapi? Kikae nje ya bajeti ya ruzuku. Pikeni nyumbani mle baada ya shughuli, nyumbani kwa mtu, kimya kimya kama familia. Kugawa au kuuza chakula plaza kunaleta kitengo kingine kabisa, Idara ya Afya ya jiji na vibali vyake, mtu mwenye cheti cha usalama wa chakula, na kadhalika, na kwa shughuli ya kwanza mi nawashauri msiiguse kabisa. Kahawa na kashata mtafanya mwaka wa tatu.

Khanga ni tofauti, hizo msiziondoe. Khanga za wacheza lelemama sio sare ya harusi, ni vazi la jukwaani, na linalipwa kama vazi la jukwaani, ila ni khanga za wachezaji tu, sio za mashangazi wote watakaokuja kupiga vigelegele. Tena khanga ina jina, lile neno lililoandikwa chini, na wasomaji wa maombi wa hapa hawajui kwamba wanawake wa pwani wamekuwa wakijibizana kwa nguo miaka yote hii. Mkiiweka kwenye maelezo kwamba kila kundi la wachezaji litavaa jina lake na mtangazaji atayatafsiri majina yale kwa watu wa plaza, tayari khanga imeacha kuwa gharama ya mavazi, imekuwa sehemu ya sanaa yenyewe. Hicho ndo nilichomaanisha kule juu niliposema mfuko huu sio wa sherehe.

Tukija kwenye usajili. Mna njia mbili na nadhani ya kwanza ni nzuri zaidi kwenu. Mtu mmoja, msanii, aombe kwa jina lake kama msanii binafsi, awe mkazi wa Bronx, awe ametimiza miaka 18, na kikundi kiwe ndo washiriki wanaolipwa. Nasema msanii, sio mweka hazina wala mwenyekiti. Kwetu mwenyekiti ndo anatangulia kila mahali lakini paneli inataka kuona kazi ya sanaa ya huyu mwombaji, kama mwenyekiti wenu hapigi wala hachezi mwacheni apokee wageni. Njia ya pili ni kutafuta asasi iliyosajiliwa iwabebe, ipokee hela kwa niaba yenu na kuwapa, wanakata asilimia kidogo ya kazi hiyo, kama 5 mpaka 10 hivi. NYFA wanafanya hii, Fractured Atlas pia wanafanya. Ni nzuri mkiwa na mipango ya miaka mingi, maana mnaweza kuomba sehemu nyingi zaidi na watu wanaowachangia wanapata nafuu ya kodi. Lakini kwa ombi moja la dola 4,000 naona ni mzigo.

Kusajili asasi yenu wenyewe? Baadaye. Nimeona vikundi vinamaliza mwaka mzima kwenye katiba na kugombania nani katibu, fidla ipo kabatini inakula vumbi.

Ile ya hela kukaa kwenye akaunti ya mweka hazina, acheni leo. Fungueni akaunti tofauti, hata kwa jina la yule msanii atakayeomba, isiingiliane na kodi ya nyumba ya mtu. Siku ya kuandika ripoti mtanishukuru.

Na mwombaji ajue hili mapema: hela ikiingia kwa jina lake binafsi, kwa watu wa kodi ni kipato chake, atajaza W-9, ile fomu ya namba yake ya kodi, na mwaka ukiisha karatasi ya kipato itakuja. Kwaiyo atunze risiti za kila alichowalipa wenzake ili aonyeshe gharama. Kama anapata msaada wa chakula, Medicaid (bima ya afya ya serikali), au anakaa nyumba za serikali, aulize kwanza, kwa sababu dola 5,000 kwenye karatasi zinaweza kumpandisha kipato asubuhi moja hata kama mfukoni amebakiwa na 400. Kuhusu uraia, ruzuku hizi za mabaraza hazikuwekwa kwa raia peke yao, wanachoangalia ni makazi na namba ya kodi. Ila kama viza yako ni ya kutembea au ya masomo na hairuhusu kulipwa, hapo usisikilize mimi wala mtu mwingine wa vikao, muone wakili wa uhamiaji kabla hujasaini kitu. Hiyo inahusu hata wapigaji mtakaowalipa.

Sasa plaza. Hii ni habari nyingine kabisa na hela, na watu wanadhani ukipata ruzuku umepata na mahali. Hapana. Anayetoa hela hakupi plaza, na anayetoa plaza hajali kama una hela.

Plaza nyingi unazoziona mjini humu zilikuwa barabara. Idara ya usafirishaji ya jiji ilianzisha mpango wake wa plaza mwaka 2008, wakafunga vipande vya barabara, wakaweka viti na vyungu vya maua, na nyingi wakatafuta mshirika wa mtaani wa kuzitunza, chama cha wafanyabiashara au asasi fulani. Huyo mshirika ndo mlango wenu wa kwanza, kabla ya fomu yoyote. Nendeni mkaongee naye kwa miguu, sio barua pepe. Waambieni sisi ni majirani zenu, tunapiga ngoma, hatuuzi kitu, tunataka masaa matatu tu ya mchana. Wakiwa upande wenu wanawaambia siku gani plaza ina shughuli nyingine, umeme unapatikana wapi na kama upo, nani ana ufunguo wa lile boksi. Na barua yao ya kuwaunga mkono mtaiweka kwenye ombi la ruzuku, kwaiyo safari moja imefanya kazi mbili.

Kibali chenyewe kinatoka ofisi ya meya, kitengo kinaitwa Street Activity Permit Office, kila mtu anakiita SAPO. Unaomba kwenye mtandao, ada ya kushughulikia ombi ni dola 25 hairudi. Ombeni miezi 3 kabla, hata kama mtu kawaambia anapata kwa wiki mbili. Na hapa kuna mtego ambao ni wa watu wetu hasa. Shughuli ya jamii inalipa hiyo 25. Shughuli ya biashara au ya kutangaza bidhaa kwenye plaza inalipa kwa viwango vingine, maelfu ya dola, kutegemea plaza na ukubwa. Sasa sisi tuna tabia, kampuni ya kutuma hela nyumbani inatoa dola 500 na inataka bango lake kubwa nyuma ya wapigaji, mezani igawe fulana na kadi. Kwa 500 zile mnaweza kugeuza shughuli yenu ikaonekana ya matangazo. Hela zao mkizitaka, majina yao yaingie kwenye karatasi ya programu pamoja na wengine, kwa herufi ndogo, na mwambieni SAPO ukweli tangu mwanzo kuna nani.

Kuna bima pia. Watataka bima ya dhima ya shughuli, kiwango cha dola milioni 1, na City of New York iwe imetajwa ndani yake kuwa nayo imekingwa. Jina liandikwe hivyohivyo. Mwaka mmoja wakala wa bima wetu aliandika jina la plaza badala ya jina la jiji, mi nikapokea karatasi nikaiona ina nembo na namba nikaituma bila kuisoma, kibali kikasimama. Shughuli Jumamosi, kibali kimetoka Alhamisi jioni, siku zile za kukingoja nilikuwa najibu simu za wachezaji nasema "kila kitu sawa" huku nimekaa sakafuni. Someni karatasi.

Sauti. Hapa dada mna bahati ambayo hamjui kama mnayo. Kibali cha sauti, kinachotolewa na kituo cha polisi cha eneo lile, dola 45, muombe si chini ya siku 5 kabla, ni cha vyombo vya kukuza sauti: spika, maiki, ampu. Ngoma kavu haihitaji kibali hicho. Kidumbaki chenu, zile ngoma mbili ndogo, vijiti vya mkwasa, sanduku la besi, ni muziki uliozaliwa kupigwa uani bila umeme, kwaiyo kibali cha plaza mnakihitaji bado lakini hilo la polisi na kukodisha spika za dola 800 mnaweza kuliruka kabisa kwa mwaka wa kwanza. Ila mi ningejaribu kwanza. Nendeni pale Fordham Plaza Jumamosi saa nane mchana bila ngoma, simameni tu msikilize. Mabasi yanaingia na kutoka, treni ya Metro-North ipo palepale, muuza simu ana spika yake. Ngoma zitapenya. Fidla haitapenya, na sauti ya mwimbaji ikibidi apige kelele sio kidumbaki tena. Ndo hesabu yenu hiyo: aidha mnakwenda na ngoma na uchezaji zaidi kuliko uimbaji, au mnalipia maiki mbili na spika ndogo na ile dola 45. Mi ningelipia. Lakini nimeona shughuli moja ya lelemama pale Queens haina hata waya mmoja na watu walisogea wenyewe mpaka wakaziba njia, kwa sababu ukiwa huna spika watu wanakuja karibu.

Mkikodi jenereta ulizeni habari za zimamoto kwanza, mafuta ya petroli kwenye plaza sio jambo la kubeba tu na gari. Hema kubwa kuliko futi za mraba 400, yaani zaidi ya 20 kwa 20, linaleta idara ya majengo. Jukwaa la kupanda juu hivyohivyo. Chezeni chini, lelemama haikuhitaji jukwaa hata siku moja, tandikeni mkeka.

Tukubaliane basi kwamba ombi ni la dola 5,000 la mwaka ujao, nikupe mfano wa bajeti ninavyoiona: wapigaji na wachezaji 6 kwa dola 350 kila mmoja, hiyo 2,100. Mwalimu wa kufundisha watu wa plaza hatua za kwanza za lelemama, 400. Sauti 800. Bima 350. Vibali viwili 70. Mabango na karatasi za programu 250. Mpiga picha na video 400. Mratibu 630. Jumla 5,000 kamili. Khanga hamzioni hapo kwa sababu nimezihesabu kama mchango wenu wenyewe, pamoja na mazoezi na gari la kubebea vyombo, na hivyo vyote viandikwe kwa thamani yake upande wa michango, paneli inapenda kuona wenyewe nao wameweka kitu. Usiandike "dharura" wala "mengineyo". Na usiandike wasanii wanajitolea bure ukidhani utaonekana mwema, ni kinyume, hela hii imewekwa ili msanii alipwe, mtu akiona wapigaji 6 kwa sifuri halafu spika 2,000 anajiuliza huyu anafadhili sanaa au anafadhili mwenye spika.

Maelezo ya mradi ndo yanayobeba au kuangusha. Nilipokuwa kwenye paneli tulisoma maombi mengi kwa siku, jioni macho yanauma, na sentensi iliyokuwa inajirudia kwa vikundi vya Waafrika ni ile ya "tutasherehekea utamaduni wetu tajiri na kuwaleta watu pamoja". Hiyo haisemi kitu. Kila mtu ana utamaduni tajiri. Niambie saa ngapi, nani anapiga nini, mtu anayetoka kwenye treni na mfuko wa sokoni ataona nini akisimama dakika 5. Andikeni kwamba wanawake watasimama mstari mmoja, mwili umetulia, mikono ndo inaongea, na kwamba ngoma hii miaka ya bibi zetu kule pwani ilikuwa na vyama vya wanawake vyenye viongozi na vyeo vyao na ushindani mkali baina yao. Andikeni kwamba saa tisa mtangazaji atafundisha salamu 5 za Kiswahili na majibu yake, kwa sababu ni siku ya Kiswahili. Na hiyo siku mwelezeeni msomaji, hajui: UNESCO iliitangaza 2021, tarehe 7 Julai imetoka kwenye 7 Julai 1954 pale TANU chini ya Nyerere ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kudai uhuru. Mistari miwili inatosha, msiandike historia ya dunia.

Fomu ni ya Kiingereza, ndiyo. Lakini mabaraza haya yanafanya vikao vya bure vya kuelekeza waombaji kabla ya siku ya mwisho, na kuna maofisa ambao kazi yao ni kujibu simu. Piga. Watu wetu wanaona aibu kupiga, wanadhani ukiuliza utaonekana hujui, na kule mtu aliyeuliza ndo anaonekana makini. Kijana wa kikundi aliyesoma hapa ndo aandike, akina mama ndo waeleze, na asibadilishe maneno yao kuwa ya shule.

Diwani wa eneo lenu naye ana fungu la kugawa kila mwaka, madiwani wote 51 wanalo, ila linakwenda kwa asasi zilizosajiliwa, kwaiyo hilo liwekeni kichwani tu. Hata hivyo mwalikeni.

Turudi Julai hii, maana najua roho yako ipo kule. Msiache tarehe ipite. Nendeni maktaba, Bronx Library Center ipo East Kingsbridge Road, hatua chache tu toka Fordham, ongeeni na mtu wa shughuli za jamii, waombeni ukumbi kwa saa mbili siku ya 7 Julai au Jumamosi ya karibu yake. Maktaba wanapenda vitu vya lugha, ukumbi una paa, una umeme, hamhitaji SAPO wala polisi. Wapigaji 4, wachezaji 8, somo la salamu, basi. Kuna pia Citizens Committee for New York City, hao ni asasi ya kujitegemea sio serikali, wapo tangu 1975, wanatoa vijisenti kwa vikundi vya majirani hata visivyosajiliwa, angalieni kama dirisha lao lipo wazi kwa msimu huu. Likiwa limefungwa changeni dola 20 kila mtu, shughuli ya maktaba haizidi hapo.

Faida kubwa ya maktaba wala sio siku yenyewe, ni video. Paneli inaangalia dakika 2 au 3 za kazi yenu na hapo ndo uamuzi unafanyika, nakwambia ukweli, maneno yanasomwa lakini video ndo inakumbukwa. Mtafuteni mtu mmoja mwenye simu nzuri, akae sehemu moja, asizunguke, asiongee, aanze na mikono ya wachezaji halafu ngoma halafu sura za watu wanaotazama, hasa wale wasio wetu. Mwezi wa nane mna video, mna barua ya maktaba, mna picha ya umati, mnakaa kuandika ombi la plaza mkiwa na kitu mkononi.

Ile ya harusi usiitume. Naijua bila kuiona: bibi harusi kasimama mbele ya ngoma, mtu anapita na sinia, na kwa nyuma kuna sauti inauliza sahani zimeisha?